Ukoka wa Jirani

Uwanja wangu pale Garsen ulikuwa msafi kuliko wa mtu yeyote upande wetu wa barabara, na nasema hivyo bila haya. Kila asubuhi niliuinamia na fagio la chelewa mpaka mchanga ukabaki na mistari. Jani halikuthubutu kulala. Majani huficha nyoka, na mama mwenyewe ndiye aliyenifunza hivyo kwetu Golbanti.

Jirani yangu alikuwa mjane wa Kiorma, aliyehamia mjini baada ya ukame kumaliza ng'ombe wa nyumba yao. Kwake ukoka uliota mpaka mlangoni. Alikuwa na miarobaini mitatu mikubwa, migomba aliyoinywesha maji ya kuoshea vyombo, na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyefungwa humo humo. Watu walipokuwa wakikata miti ya mjini wapate kuni na nguzo, yeye alikataa kutoa hata tawi. Nilimcheka. Mimi binti wa wakulima wa mtoni nilijua mtu hupanda anachokula.

Baba alipofariki, nikamleta mama akae nami. Kwa fedha za cherehani yangu nilimwongezea chumba cha udongo, nikakiezeka mabati mapya, nikamnunulia kitanda na neti. Nilitaka afe mikononi mwangu, siku ikifika, na watu waseme binti yake alimtunza.

Siku ya pili jua lilipopanda, chumba kikawa tanuri. Nilipompelekea uji sikumkuta. Alikuwa kwa jirani, amenyoosha miguu juu ya ukoka chini ya mwarobaini, kikombe cha chai ya maziwa mkononi.

"Mwanangu, niongezee kidogo," alisema.

Nikanyoosha mkono kupokea kikombe. Alikuwa akimwambia jirani.

Tangu siku hiyo kwangu akawa anakuja kulala tu. Chakula nilichopika kilirudi jikoni kama kilivyotoka, kwa kuwa alikwisha kula kule. Nilimwonea wivu mwanamke yule kama mke anavyomwonea mke mwenzake. Nilisikia wanavyocheka ng'ambo ya ua nami nikakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika. Mama alikuwa wangu! Nilimzaa nani mimi, kama si kuzaliwa naye? Hasira zilinifanya niseme hata maneno yasiyo na maana.

Ndipo zikaja mvua za El Nino. Maji yalishuka kutoka barabarani mekundu, yamebeba takataka za soko zima. Yalipofika kwa jirani yaliingia kwenye ukoka, yakapunguza mwendo, yakaacha tope lake kwenye mizizi, yakatoka taratibu kupitia migombani. Kwangu yalikuta uwanja laini usio na kizuizi, yakaja mbio. Miaka yote ile ya kufagia nilikuwa nachota udongo kidogo kidogo bila kujua. Uwanja wangu ulikuwa umeshuka chini ya njia na miguu ya kuta imebaki wazi. Saa za mchana, mvua imemzuia mama kwenda kwa jirani na tukiwa sote ndani, ukuta wa chumba cha mama ukalala.

Jirani alikuja maji yakimfika magotini. Aliinama, akambeba mama mgongoni, akatoka naye. Mimi nilifuata nyuma na godoro kichwani.

Barabara zilipokatika, nusu ya mtaa ilihamia kwake na majiko na mbuzi, kwa sababu pale ndipo mguu ulipopata mahali pagumu pa kukanyaga. Alitupokea wote. Nililala kwake, nikala ugali wake nikiona haya. Angekuwa na kiburi ningepumua. Hakuwa nacho.

Maji yalipoisha nilijenga upya. Nje ya chumba cha mama nikapanda miarobaini miwili, nikaacha ukoka ushike ukutani, nikainywesha miche kwa maji niliyoogea. Ilipofika magotini nilikwenda kumchukua.

"Mama, turudi nyumbani. Nimekupandia miti."

Alikuja akaitazama. Akashika jani moja, akatabasamu.

"Imeshika vizuri. Itakuwa mizuri hii," alisema. "Lakini mti unataka miaka, mwanangu, na mimi joto linaniua leo."

Akajifunga leso vizuri, akarudi kwa jirani. Sikumzuia. Ningemzuia nimkalishe wapi?

Alifia kule, msimu wa joto uliofuata, adhuhuri, jirani akimpepea. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua vifungo. Matanga tuliyaweka kwa jirani vilevile, maana kwangu hapakuwa na kivuli cha kutosha hata mkeka mmoja. Wanawake wa mjini waliingia wamejifunika, wakamtafuta mfiwa kwa macho. Walinipita mimi niliyekuwa nikimimina chai, wakamwinamia yeye, wakamshika mkono.

"Pole, dada. Pole kwa kufiwa na mama."

Nilingoja awaonyeshe nilipo. Alikuwa akilia kuliko mimi, na hata hilo nilimwonea wivu.