Midomo Iliyomvunja Mume Wangu Jino

Niliijaza midomo yangu kwa sindano. Kwa miaka sita nimemshikilia mama mkwe kwamba ule uvimbe ulikuwa mzio wa samaki, na hadi leo huniondolea samaki sahanini kwa huruma.

Nilikuwa na sababu ya kukana. Niliwahi kuandika makala gazetini nikiwacheka wanawake wanaojichonga upya. Tena nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na mimba ya miezi mitatu, baada ya nyingine mbili kutoka. Mimba ilikuwa imenivimbisha kila mahali isipokuwa midomo, nikaona niisaidie.

"Mamii, hii haishuki tumboni," alinihakikishia binti wa saluni kule mtaa wa Jericho. Nami, na shahada zangu mbili, nikaiamini sayansi ya saluni.

Siku ya tatu mdomo wa juu ulikuwa umefura na kuwa wa zambarau. Kaka yangu, anayechinja mbuzi kwenye machinjio ya Kiamaiko, alikuja kwangu Kaloleni kuniletea maini ya kuongeza damu. Alinitazama mara moja tu.

"Nani amekufanya hivi?"

"Nilianguka bafuni."

Jibu hilo mama yetu alilitoa utoto wetu mzima. Kaka aliyaweka maini mezani taratibu, akatoka nje.

Mume wangu alikuwa anaanika nguo. Ngumi ya kwanza ilimkuta na shuka mikononi. Ya pili ilimvunja jino. Alianguka juu ya beseni, maji yakawa mekundu, na kaka akamkandamiza goti kifuani jinsi anavyombana mbuzi, mkono ukimtafuta koo.

"Shemeji, mimba ya tatu hii! Unataka kuitoa kwa makofi?"

"Mwongeze!" jirani alipaza sauti dirishani. "Kila jioni huwa nasikia kelele kwao!" Alichokuwa akisikia ni redio yetu.

"Ni sindano!" nilipiga kelele. "Nilidungwa midomo!"

"Anamtetea," jirani alisema. "Wote huwatetea."

Ikabidi niukunjue mdomo mbele ya umati wa majirani uliokwisha kujaa uani. Matundu ya sindano yalionekana, na usaha ukanichuruzika kidevuni. Kaka akamwachilia. Mume wangu alitema damu, akaketi, na badala ya kunitukana akauliza, "Na mtoto?"

Hospitalini daktari aliupasua mdomo bila kunibembeleza. Tulimpigia binti wa saluni kuuliza alinidunga nini. Simu yake ilikuwa imezimwa.

"Vitu hivi havijajaribiwa kwa wajawazito, ndiyo maana hatuwadungi," daktari alisema. "Kwa kawaida hubaki mdomoni. Ninachohofia ni huu uchafu kuingia kwenye damu."

Akanipa dawa zisizomdhuru mjamzito, akanipima damu na tumbo, akatuambia tusubiri majibu nyumbani, angetupigia simu.

Tulisubiri sebuleni, kaka upande mmoja wa kochi, mume wangu upande wa pili na shavu lililovimba, hawasemezani. Simu ilipolia niliweka spika, maana sikuthubutu kusikia peke yangu.

"Damu yako ni safi," daktari alisema. "Mapigo ya moyo wa mtoto ni mazuri. Sisemi kuwa ulichodungwa ni salama, mama. Nasema safari hii umeponea chupuchupu. Umenielewa?"

"Amekuelewa," walijibu wanaume wawili kwa pamoja.