Doti Niliyoifuata Stockholm

Nilikwenda Stockholm kwa sababu msimamizi wangu alikataa sura ya tatu ya tasnifu yangu. Sura hiyo ilihusu doti moja ya kanga iliyohifadhiwa huko katika jumba dogo la makumbusho ya mavazi. Niliieleza kuwa ilivaliwa harusini na mhamiaji kutoka pwani yetu. Nilikuwa nimeiona pichani tu. "Kaione kwa macho yako," alisema, "au sura hiyo uiondoe." Nilikuwa nimetoka Paris na Antwerp, kwenye majumba ya makumbusho ya mitindo ambayo msomaji akipata nafasi asiyakose, lakini hayo niliyatazama kama mgeni. Hili lilikuwa na uwezo wa kuniangusha.

Asubuhi, mtaa wa Rissne. Mwenyeji wangu, Mama Kevin, ni muuguzi kutoka Nakuru aliyehamia Sweden zamani. Alikuwa na siku ya mapumziko, akaamua kunisindikiza.

"Kunywa chai, daktari wa nguo. Leso haina miguu, haitatoroka."

Ndani ya treni ya chini ya ardhi nilirudia maswali yangu, kisha nikayatilia shaka moja baada ya jingine.

"Unachezesha midomo," Mama Kevin alininong'oneza. "Watu watadhani unaomba."

"Naomba kweli."

Jumbani tulipokewa na Neema, mhifadhi aliyezaliwa Stockholm kwa wazazi wa Tanga. Aliiweka doti mezani, akaikunjua taratibu kwa mikono yenye glavu. Pichani ilikuwa imekunjwa. Sasa ilienea yote, na vipande vyake viwili vilikuwa bado vimeungana.

Msomaji wa nyumbani ameshaelewa. Doti hununuliwa ikiwa kitambaa kimoja, hukatwa katikati, hupindwa kingo, ndipo huvaliwa. Hii haikuwa na upindo wowote, na wanga wa dukani ulikuwa bado unaikaza.

Nilijitafutia njia. Labda ilivaliwa ikiwa imekunjwa mara mbili? Labda ilikatwa, ikashonwa upya?

"Hapana alama ya sindano," nilisema.

"Na kama aliivaa hivi," Mama Kevin aliongeza, "basi bwana harusi alitembea nyuma akimbebea mkia."

Neema alicheka kidogo, kisha akanitazama. "Dada, familia iliyotupatia doti hii ilisema ilivaliwa. Maelezo yetu yanasema hivyo pia. Ukiyanukuu, hakuna atakayekulaumu."

Alisema kwa wema, na alisema kweli. Ningeweza kuondoka na sura yangu nzima.

"Haikuvaliwa," nilisema. "Tafadhali badilisheni maelezo. Nami nitaandika hivyo."

"Na sura yako?"

"Hiyo imekwisha."

Wakati wa kurudi, treni ilipopita Sundbyberg, Mama Kevin alinigeukia.

"Mimi pia ninazo kabatini," alisema. "Sijazikata."

"Kwa nini?"

"Nilisema nitazikata siku tukirudi nyumbani kabisa. Kila mwaka nasema mwaka ujao. Kevin sasa ni mtu mzima, namuita kwa Kiswahili, ananijibu Kiswidi. Nyumbani kwake ni hapa."

Rissne, alasiri. Alizitandaza kitandani, akaniruhusu kumrekodi. "Uliza, lakini usiniandike kama marehemu." Nilipomaliza, alichukua mkasi, akachagua ya zambarau. "Shika upande huo." Mtafiti ndani yangu alitaka kumzuia. Nilishika. Alikata katikati, akanipa kipande kimoja, kama wanawake wanavyogawana doti.

Jioni hiyo nilimwandikia msimamizi kwamba sura ya tatu inaanza upya, na itahusu kanga zinazongoja kukatwa. Nilikuwa nimedhani nguo isiyovaliwa haina la kusema juu ya mmiliki wake. Sasa najua inaweza kueleza maisha yake yote ughaibuni. Ukifika Stockholm, nenda kaitazame doti ile. Omba wakukunjulie mpaka mwisho.