Mshono wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hushona magurudumu. Mpira uliisha duniani kabla sijazaliwa, na tangu jua likaushe ziwa letu, safari zote hupita juu ya tope lililokauka likawa gumu kama tofali. Magari yetu tunayaita majongoo: marefu, paa lote ni vioo vya kunasa jua, na magurudumu ni ya mbao yaliyovishwa kamba na mikanda ya viwanda vilivyokufa. Mavazi hayo hushonwa kwa mkono. Mkono ukiwa wake, dereva haulizi kitu.

Karakana yetu ina desturi: aliyeshona gurudumu jipya husafiri nalo safari ya kwanza, ameketi juu yake palepale, aonje kazi yake kwa makalio yake mwenyewe.

Siku mke wangu aliposhikwa na uchungu, jongoo la asubuhi lilikuwa limebakiza gurudumu moja kushonwa. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Mkunga alisema bila daktari wa ng'ambo ya ziwa tutawapoteza wote wawili. Mama mkwe akashona huku akimsikia mwanawe analia chumba cha pili. Nilimsihi abaki, magoti yake ni mabovu.

"Mkwe, wewe panga mito ya mkeo," akanijibu. "Gurudumu niachie." Akapanda.

Katikati ya ziwa gari likaanza kuchechemea. Dereva akasimamisha, tukachungulia: kamba zinaning'inia. Mama mkwe akashuka, akapapasa, akasimama wima mbele ya abiria wote.

"Mshono wangu huu. Kila mstari una fundo lake, na mimi nimeruka mafundo. Haraka haraka haina baraka, nami nilijua."

Hakuna aliyemuuliza. Angeweza kunyamaza tu.

Jua lilikuwa linapanda, na mke wangu ananiuma mkono. Abiria wakatandaza mashuka yao kumfanyia mama mkwe kivuli, naye akaketi chini, akafumua na kushona upya. Kila alipokaza alisema kwa sauti, "Fundo!" na abiria wakaitikia, "Fundo!" mpaka mke wangu naye, kati ya uchungu na uchungu, akaitikia. Nilitaka kulia na kucheka, nikafanya yote mawili.

Tukafika. Wauguzi wakamkimbiza mke wangu ndani, sisi tukabaki uani kwenye majongoo mengine. Dereva akamnong'oneza mama mkwe, "Mama, nitawaambia wenzangu tulikanyaga chuma."

"Usithubutu! Ukisema chuma, kesho watakagua barabara, waache mishono. Njia ya mwongo ni fupi, baba, na ziwa hili ni refu."

Akawaambia mwenyewe, kosa lote, bila kupunguza hata uzi mmoja. Nilijivuna kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Kisha dereva mmoja, mtu mzima mwenye kiburi chake, akalifungua gurudumu la gari lake, akaliviringisha hadi miguuni pa mama mkwe.

"Basi nikagulie na hili, mama."

Wa pili akaanza kufungua lake. Wa tatu pia.

Mlango wa wodi ukafunguka, muuguzi akatoa kichwa. "Mama mzima, mtoto mzima. Bibi yake ni nani?"

Mama mkwe akajifuta mikono kwenye gauni. "Pangeni foleni," akawaambia madereva. "Kwanza naitwa."