Wifi Yangu Anakula Mbele

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliosha vyombo miaka kumi na miwili katika mgahawa wa Kijapani, ule ambao watu huenda kukipiga picha chakula kabla ya kukila. Kijapani chenyewe si kamili. Ni vyakula vya kule vilivyochanganywa na vya huku, na bei yake unaisoma mara mbili ukidhani macho yamekudanganya. Jikoni walimwita Mashine. Kwa nini? Mashine ya kuoshea vyombo iliharibika mwaka wake wa pili, wakaona yeye anatosha, hawakuitengeneza tena. Kila nikikumbuka hilo damu inanichemka.

Ukumbi wa mbele aliujua kwa kuchungulia kwenye kioo cha mlango tu. Meneja alikuwa na sheria yake: mtu wa nyuma havuki mlango ule wageni wakiwepo. Lakini sahani zilivuka, na wifi alizisoma. Akirudi nyumbani anatuambia nani kala kwa njaa, nani kala kwa kuringa, nani kaficha samaki chini ya kitambaa ili mwenyeji wake adhani kamaliza. Kuonja, hakuwahi kuonja. Wafanyakazi walipikiwa maharage.

Siku ya kumuaga, mgongo ulipokataa kazi, meneja alisimama mbele ya wote kifua kakitoa. "Mama, omba zawadi yoyote."

"Nataka kukaa kule mbele, nile kama mgeni," wifi akajibu.

Wakacheka. Meneja naye akacheka, akampa saa ya ukutani.

Jamani! Saa ya ukutani!

"Sitaki tena wanipe," wifi akaniambia jioni ile. "Nitakula palepale mbele, kwa hela yangu. Wakinifukuza, wanifukuze watu wanaona."

Nikapiga simu mimi, nikaweka nafasi ya watu wawili, Jumamosi saa saba mchana. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nikamshonea gauni la zambarau, kola imesimama. Yeye wiki mbili nzima alifanya mazoezi ya kula kwa vijiti, anaokota maharage kwa njiti za ufagio, kaka yangu pembeni anacheka mpaka anapaliwa.

Siku ikafika. Meneja alikuwa mlangoni, na alipotuona uso ulimbadilika.

"Mama! Karibu, karibu. Pitia kule nyuma, wakufungie chakula uende nacho nyumbani."

"Sikuja kufungiwa. Nimekuja kula."

"Leo tumejaa, mama yangu."

Mdomo wangu ulishafunguka, lakini wifi akanibana mkono. "Angalia daftari lako," akamwambia. "Saa saba, watu wawili, karibu na dirisha. Ni sisi."

Akaangalia. Akafunua ukurasa, akaurudisha. Nyuma yetu watu waliopendeza walikuwa wameanza kukohoakohoa. Mimi na subira hatujuani, nikauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Nafasi ipo au haipo?"

"Ipo," akasema.

Tukakaa. Mhudumu, dada mgeni kazini ambaye hakumjua wifi, akatuletea orodha ya vyakula. Majina yake hata kuyatamka ni kibarua. Wifi akaifunga.

"Niletee kile cha sahani nyeusi ya jiwe, kinachoacha ufuta kwenye kona. Na kile cha bakuli la buluu, kinachogandisha mchuzi wa kahawia mpaka uumwagie maji ya moto ukiosha."

Dada akamkodolea macho, halafu akatabasamu. "Nimekuelewa, mama."

Vikaja vyote viwili, havikukosewa. Wifi akashika vijiti, akaokota kipande cha samaki. Samaki mwenyewe mbichi! Mimi nilimmeza kwa ubishi tu, tena kwa vidole vyangu nilivyonawa, na aliyetaka kunitazama alinitazama akashiba. Wifi alitafuna taratibu, macho kayafumba. Kisha akaonja bakuli, akakunja uso. Nikadhani machozi yanakuja. Wapi! Alikuwa anafikiri.

Meneja huwa anapita meza kwa meza kuuliza wageni wameonaje chakula. Akawauliza wa kushoto kwetu, akatuzunguka, akaenda kwa wa kulia. Roho iliniuma, nikaweka mikono mezani ninyanyuke.

Wifi akaniwahi. "Meneja," akaita, wala hakupaza sauti. "Meza hii umeiruka."

Watu wakageuka. Meneja akarudi, jasho linamtoka. "Chakula umekionaje, mama?"

"Samaki ni mzuri, mpe mpishi hongera. Ila huu mchuzi wa bakuli sukari imezidi. Watu wanaurudisha nusu. Miaka kumi na miwili nimeumwaga mimi, na hakuna aliyeniuliza."

Meneja akalitazama bakuli. "Nitamwambia mpishi."

"Utasahau," wifi akasema. "Andika."

Meneja akatoa kalamu mfukoni, akaandika.