Mafuta ya Karafuu Ndani ya Redio

Mke mwenzangu alinijia asubuhi kutoka Mpendae, kaifunga redio ya marehemu mume wetu kwenye kanga kama mtoto mchanga. Mimi nakaa Mji Mkongwe, chumba kile kile marehemu alichokuwa akitengenezea redio. Kusafisha matumbo ya redio alinifundisha mwenyewe, maana yeye na vumbi walikuwa hawaelewani.

"Bi Mkubwa, haisemi," akaniambia. "Na mwanangu kasema isiposema leo atatoa ya ndani yote atupe, atie spika ya simu. Abakishe sanduku, liwe pambo."

"Na wewe wataka nini?"

"Nataka iseme. Mume kanyamaza, na hii nayo inyamaze?"

Maneno kama hayo ukiyajibu hayeshi. Nikachukua bisibisi.

Nilipolivuta lile bati la ndani lililobeba valvu, zile taa za kioo, na nyaya, harufu ikanipiga. Si vumbi, si udi. Nikagusa waya, ngozi yake ikanibakia kidoleni kama halua.

"Umetia nini humu?"

"Mafuta ya karafuu. Kidogo tu. Mende walikuwa wanaingia."

"Kidogo!"

"Kwani si dawa? Jino likiuma si twatia?"

"Jino halina waya, mwenzangu."

Akacheka. Mimi sikucheka. Mafuta ya karafuu yanakula plastiki, lakini kwetu karafuu ni dawa ya kila kitu, na kitu ulichokizoea ndicho usichokiogopa.

Nikalifuta bati kwa spiriti na mswaki, pembe kwa pembe. Sikusugua mpaka likang'aa. Watu wanapenda king'ae, lakini ukizidisha unafuta na maandishi ya kiwandani, fundi wa kesho asijue kipi ni kipi. Usafi nao una mpaka. Nyaya zilizooza nikazikata, nikaunga nyengine kwa risasi ya kuyeyusha. Yeye kanishikia tochi. Miaka yote ile, mume mmoja na nyumba mbili, hatukuwahi kukaa karibu hivyo. Salamu, basi.

Baada ya alasiri mwanawe akaja.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Kaa."

Nikaitia umeme. Valvu zikapata wekundu taratibu, ikavuma, kisha ikatoka sauti ya mwanamme, Kiarabu, mbali, inakwaruza. Kijana akashika kitufe cha kubadilishia stesheni. Hakizunguki. Kigurudumu chake cha ndani kiliyeyuka kwa mafuta yale yale, na cha kubadilisha sina.

"Imeganda hapa hapa," akasema. "Na Kiarabu cha wapi hiki? Hakuna anayekifahamu. Hii haisemi, mama mkubwa."

"Ulimwambia mama yako isiposema. Haya, inasema."

"Lakini inasema nini?"

"Hilo hukuliweka katika sharti."

Akakiachia kitufe. "Haya, nshashindwa. Ibaki."

Mama yake hakutusikia. Kashasogeza kigoda, sikio karibu na kitambaa cha spika, na kila yule bwana wa mbali akivuta pumzi, yeye anaitikia, "Naam."