Bunduki Tano za Kuomba Radhi

Hizam bin Ghanim alikuwa mfuga nyuki, na ulimi wake uliuma kuliko nyuki wake. Asali yake ya mkunazi ilisifiwa bonde zima; usipoipenda, alikwambia ukalambe chumvi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu tangu alipoanguka jabalini, kwa hiyo siku ile hakwenda. Alimtuma mwanawe Jubran pamoja na vijana wanne wa ukoo.

Walikuwa wanakwenda kuomba radhi. Jubran alikuwa amemtukana Musid sokoni, mbele za watu, kisa ngamia aliyeziba njia. Kwetu Yemen, huku milimani, tusi la namna hiyo halifutwi kwa maneno matupu. Mkosaji huchukua bunduki, huzitoa risasi, huzibeba vitako mbele na mitutu nyuma, kisha huzilaza miguuni mwa aliyemkosea na kusema, "Hukumu ni yako." Hizam alizipangusa zote tano kwa mkono wake, akamwambia mwanawe, "Na ukifika huko, hicho kidomo chako kifunge."

Hawakufika. Ile ndege isiyo na rubani, tuliyoiita Mvumaji kwa jinsi ilivyotuvumia vichwani mchana kutwa, iliwapiga karibu kabisa na lango la Musid. Jioni redio ikatangaza kwamba wapiganaji watano wameuawa, na jina la Jubran likasomwa la kwanza. Mpiganaji gani huyo, aliyekuwa akiogopa hata mizinga ya baba yake?

Tangu hapo Hizam hakutaka kingine duniani ila jina la mwanawe litolewe kwenye ile orodha ya wapiganaji. Aliandika barua. Alidandia malori hadi mkoani, akafukuzwa na mabawabu, akarudi tena. Baada ya mwaka, nadhani kwa kuchoshwa naye tu, wakubwa wa mkoa wakamleta afisa mmoja, Bwana Rashad, kompyuta kwapani na manukato ya kumtosha bibi harusi. Tukaketi naye uani kwa Hizam asubuhi, tukaonyeshwa filamu waliyoipiga wenye ndege.

"Tazama mwenyewe, ami," Rashad akasema. "Wanaume watano, bunduki tano, wanashuka garini kuifuata nyumba ya mtu. Chombo hiki kinahesabu mbuzi kutoka mawinguni. Hakikosei."

Hizam akasogeza pua hadi kwenye kioo. "Huyu ndiye Jubran. Kaishikaje bunduki?"

"Kashika bunduki, basi."

"Kitako mbele. Wewe mama yako alikuzalia wapi, bwana? Umeona wapi mtu anakwenda vitani kashika bunduki kinyumenyume?"

Rashad akakohoa. Huyu si mtu wa ng'ambo. Baba yake ana shamba bonde la pili kutoka kwetu. Alijua vizuri sana alichokuwa anakitazama, na ndiyo maana nilimdharau kuliko hao waliobonyeza kitufe.

"Wataalamu wameshaamua, ami."

"Sema tu mmekosea. Neno moja, niende nalo kaburini kwake."

"Neno hilo sina ruhusa nalo."

Hapo mlango wa ua ukafunguliwa. Musid alikuwa amepata habari kwamba afisa yupo, akaja na ndugu zake wanne. Mwaka mzima alikuwa akiona haya kukanyaga pale. Kila mmoja alibeba bunduki, kitako mbele. Wakazilaza miguuni mwa Hizam.

"Walikufa wakija kwangu," Musid akasema, machozi yakimtoka. "Hukumu ni yako."

Rashad akawatazama wale wanaume watano. Akazitazama zile bunduki tano. Kisha akainua macho juu, maana ua ule hauna paa. Sikusikia mvumo wowote siku ile, lakini yeye hakungoja kusikiliza. Alikwapua kompyuta yake, akamparamia mke wa Hizam aliyekuwa akileta chai, akatoka mbio huku akimpigia dereva kelele awashe gari.

Hizam akamfuata hadi mlangoni, akiburuta mguu wake.

"Unakimbia nini, bwana mkubwa?" akamwuliza. "Si hakikosei? Rudi basi, uandike na hilo. Andika kwamba umekimbia."

Gari likaondoka, na jina la Jubran limo orodhani mpaka leo.