Dungusi Lililosahauliwa Nyuma ya Samadi

Bertha Kalinga alikuwa ameuza miche ya maua kando ya barabara pale Ilomba kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna ua lililowahi kumshinda, mpaka dada yake alipomletea madungusi sita, ile mimea minene ya miiba, kutoka Ipogolo.

Aliyamwagilia asubuhi na jioni, kama mawaridi. Haukupita muda yakawa ya njano, yakalegea shinani, yakaanza kuanguka. Bertha akadhani ni baridi ya Mbeya. Akayaingiza ndani, akaongeza maji. Matano yakaoza.

La sita hakujua limekwenda wapi. Alilikuta mwezi wa kumi, alipohamisha viroba vya samadi: limelala chini, kopo limepasuka, mizizi nje. Lilikuwa limekonda, mikunjo yake imebanana, lakini kijani. Miezi minne bila tone! Bertha akaketi juu ya kiroba. Aliyoyalea yamekufa, alilolisahau liko hai.

Mwalimu Isakwisa, anayefundisha baiolojia, alipokuja kununua waridi, Bertha akamsimulia. Mwalimu akaomba kisu.

"Usilimalize, Mwalimu, ndilo pekee!"

"Kipande tu, mama."

Akakata ncha. "Gusa ganda. Lina nta, maji hayatoki ovyo. Hapa chini yake, penye kijani, ndipo linapopikia chakula, maana majani yake ndiyo hii miiba. Sasa gusa ndani."

Bertha akagusa nyama nyeupe. Iliteleza kama bamia.

"Ute huo unashikilia maji. Yakipungua, mikunjo inajibana na ganda halipasuki. Yale mengine uliyazamisha, mama. Mizizi ilikosa hewa."

"Na lenyewe linapumuaje, na ganda lote nta?"

"Lina matundu madogo. Mchana linayafunga, usiku linayafungua."

Hapo Bertha akapotea upya. "Mmea gani huo unaongoja jua lizame ndiyo uvute pumzi?"

Mwalimu akacheka, akaondoka na waridi lake.

Kile kipande Bertha alikiacha kikauke wiki nzima, kama Mwalimu alivyomwelekeza, akakipanda kwenye mchanga. Kikaota. Huu mwaka wa tatu, ana makopo arobaini. Wateja wakimuuliza wamwagilie lini, huwaambia, "Udongo ukikauka kabisa, ngojeni tena kidogo." Kisha wakishaondoka hujiuliza kama amewaambia sawa, maana kila akipita penye makopo hayo na ndoo, mkono bado unamwasha kuyamwagilia.